Pini Kumi na Mbili

Mwezi wa kumi, miti ya mtaa wa Durazno ikichipua,
Montevideo huanika vyama vyake kama inavyoanika shuka.
Roshani ya Dardo: nyekundu, mita tatu kwa mbili.
Roshani ya dada yake, ukuta mmoja katikati: nyeupe.
Kila asubuhi wanagombana kwa bendera
kabla ya kusalimiana kwa midomo.

Zote nimezishona mimi.
Cherehani yangu haina chama.
Inakula nyekundu, inakula nyeupe,
inakula ile ya rangi tatu ya vijana wa chuo
wasiolipa kwa wakati.

Huku kwetu kura haina haya.
Ledesma wa buchani anapima mbavu na sera kwenye mizani moja;
ukimjibu vibaya, unarudi nyumbani na mifupa.
Mtu anakukaribisha mate, kibuyu kimoja, mrija mmoja,
na kabla hujameza anauliza, "Orodha namba ngapi?"
kama anayeuliza namba ya kiatu.
Hata padri, ambaye hasemi, husema:
alikuja kupunguzwa kanzu,
soksi zake zikawa zinapiga kampeni.

"Na wewe, Zulma?"
Swali hilo huingia na kila mteja,
linavua kofia, linavuta kiti.
Mimi huwa na pini mdomoni.
Pini kumi na mbili. Nani atamdai maneno
mwenye pini mdomoni?
"Mmh," nasema.
Wa nyekundu anasikia nyekundu.
Wa nyeupe anatoka akipiga mluzi.

Heber, mume wangu, hupandwa na hasira.
"Miaka arobaini nalala nawe, kura yako siijui!
Paka wa Ledesma chama chake kinajulikana!"
Namwambia ale, tambi zinapoa.

Sikuzaliwa na pini mdomoni.
Nilikuwa mwalimu wa hesabu, nina miaka ishirini na mitano,
na niliyoyaamini niliyasema chumba cha walimu
kwa sauti ileile ya saba mara nane.
Kisha wakaja wenye buti,
wakatupanga raia wote kwa herufi:
A, wa kuaminika.
B, wa kutiliwa shaka.
Mimi nikapewa C, na sanduku la kubebea vitu vyangu.

Nani alinisema?
Tulikuwa sita mle ndani, na birika.
Birika silishuku.
Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi nguo ndiyo kazi yangu:
wawili kati ya wale sita huniletea suruali hadi leo.
Nazipunguza sawasawa na kipimo.
Sijawahi kumchoma mtu.

Buti ziliondoka. Kura ikarudi,
mji ukacheza barabarani, Heber akapoteza kiatu.
Mimi nilinunua pini.

Jumapili ya mwisho, mwanangu Ismael
akavuka mto kwa feri kutoka Buenos Aires
aje kupiga kura, ale, arudi zake,
bendera begani kama taulo la kuogea.
"Mama, siku hizi hakuna anayeogopa."
Ni kweli. Nilimtengenezea kola yake, nikanyamaza.
Ni kweli, na nimefurahi kwamba ni kweli.

Shuleni nikapewa bahasha.
Chumba cha siri ni darasa la wadogo:
orodha zimepangwa juu ya madawati, rundo kwa rundo,
ukutani jedwali la kuzidisha, nane imeandikwa kinyume.
Mlango ukafungwa nyuma yangu.
Nikachukua yangu. Nikaikunja mara mbili.
Kisha, sijui kilichonipata, nikaisema.
Namba yake. Jina la chama.
Sababu ya kwanza, sababu ya pili,
na ile ya tatu ambayo hata mimi sikuwa nimeisikia,
nimesimama wima mbele ya madawati
kama ninayengoja mikono inyooshwe.

Msimamizi akagonga.
"Mama, uko na mtu humo?"

"Peke yangu, mwanangu," nikasema.
"Nilikuwa nahesabu."